Mbayuwayu Chini ya Kikapu cha Milulu

Kwa nini bibi yangu, aliyemla karibu kila ndege aliyewahi kutua katika bonde letu, alikataa katakata kumla mbayuwayu? Nimelibeba swali hili tangu utotoni, nimelipeleka hadi chuo kikuu, nimeishi nalo Mbeya kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na bado sina jibu ambalo ningethubutu kukukabidhi. Si kwamba hakuulizwa. Tulimwuliza kila mwaka mvua za kwanza zilipoanza, na kila mwaka alitupa sababu mpya, kwa uso ule ule wa mtu asemaye ukweli mtupu. Mwaka mmoja alisema nyama yake inanuka mawingu. Mwaka mwingine alisema mkia wake ni mkasi, na mkasi ukishaingia tumboni huwezi kuuagiza utoke. Nilipofika darasa la saba, nikijiona nimekua vya kutosha kuambiwa mambo ya wakubwa, alipuliza moto, kisha akasema, "Kwa sababu mpishi ni mimi."

Swali hilo liliamka tena mwezi Novemba uliopita, mahali ambapo sikulitarajia: dirishani mwa basi, Ilula. Nilikuwa nikitoka Mbeya kwenda nyumbani kwa ajili ya kipaimara cha binti wa mdogo wangu, ambacho kilipangwa kufanyika Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa tumeiacha Ipogolo nyuma yetu, mvua nyepesi ikitusindikiza, na basi liliposimama wachuuzi wakalizunguka kama ilivyo desturi yao, ndoo za nyanya zikiinuliwa hadi usawa wa vioo na vitunguu vikining'inia kwa mafungu. Mama mmoja wa rika langu aliinua fungu la vitunguu, akatazama kushoto na kulia, kisha akalisogeza kidogo ili nione kilichojificha nyuma yake. Kilikuwa kijiti kilichozungushiwa gazeti, na juu ya kijiti hicho walikuwa wamechomekwa kwa safu ndege wadogo, waliochomwa hadi wakawa na rangi ya kahawa.

"Dada, hiki si cha kila mtu," alininong'oneza. "Ndege wa mvua. Unatafuna na mifupa yake."

"Mnawatoa wapi?"

"Bonde la Matete, huko juu. Wanalala huko kama mchanga. Chukua upesi, dereva huyu hana subira."

"Mimi nashuka hapa hapa."

Alicheka. "Sasa si ungesema? Nakusemesha ya dirishani bure. Haya, lete begi."

Alinipokea begi, nikanunua vitunguu vyake na kukiacha kijiti chake, nikasimama kando ya barabara nikijaribu kukumbuka nilikuwa nimekuja kufanya nini. Bonde la Matete ni bonde la bibi yangu. Na ndege wa mvua ndilo jina ambalo watu wa kwetu humpa mbayuwayu.

Nikupeleke huko kwanza, msomaji wangu, kama lilivyokuwa tulipokuwa watoto. Kijiji chetu kimekaa juu ya mgongo wa kilima, mahali ambapo baridi ya Juni huwafanya watu wazima watembee wamejikumbatia. Chini yake kuna bonde lisilokauka, na ndani ya bonde kulikuwa na vinyungu, yaani zile bustani tunazolima sisi watu wa Iringa wakati wa kiangazi kwa unyevu unaobaki ardhini. Asubuhi ukungu ulijaa humo kama maziwa katika kibuyu. Tulikuwa tukiitana kwa sauti ili kila mtu ajue mwenzake yuko kwenye tuta gani, na mara nyingi nilimwagilia mboga za jirani nikidhani ni zetu. Kinyungu cha bibi kilikuwa cha mwisho kabisa. Baada yake maji yalituama, na kutoka kwenye maji hayo yaliota matete marefu, mazito, yaliyofunika sehemu yote ya chini ya bonde hadi miguuni mwa kilima cha pili.

Bibi alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alivaa mabuti ya mvua aliyoachiwa na babu, ambayo yalimzidi kiasi kwamba hatua zake zilisikika mara mbili: mara moja mguu, mara moja buti. Alinukia moshi na, nyakati za mvua mianzi inapogemwa, ulanzi kidogo. Mdogo wangu wa kiume bibi alimwita mume wake. Mimi alinichukulia kama mke mwenza, na kama mke mwenza nilisingiziwa kila chungu kilichoungua. Alikuwa mtu wa furaha, na furaha yake kubwa kuliko zote ilikuwa kunasa ndege.

Unasaji huo aliufanya kwa ulimbo. Alichanja mkuyu uliokuwa mpakani mwa kinyungu, akakinga utomvu wake katika kifuu, akauchemsha taratibu pamoja na mafuta kidogo huku akiukoroga, hadi ukawa uji mzito unaovutika kama nywele. Mpaka leo sijui alijuaje kwamba umeiva. Alichovya kidole, akakigusisha na kidole gumba, akavitenganisha, akatazama uzi uliotokea, akasema "bado" au "tayari." Mdogo wangu alijifunza kazi hiyo akiwa hajaota meno ya pili ya mbele. Mimi niliunguza chungu.

Msimu mkubwa wa ulimbo ulikuwa ule wa kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikishanyesha usiku, jua la asubuhi likichomoza, vichuguu hufunguka na kumbikumbi huruka kwa wingi kama moshi. Tulikimbilia huko na ndoo na majani ya migomba, na ndege wa kila namna walikimbilia huko pia. Bibi alikuwa amekwisha kusimika vijiti vyake vilivyopakwa ulimbo kuzunguka kichuguu. Chiriku walitua, wakanasa. Shore walitua, wakanasa. Mchana tulikula kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi bila mafuta, maana mafuta wanayo wao wenyewe, na jioni tulikula ugali, msusa wa majani ya maboga, na ndege wa kubanika. Sijawahi kuketi mbele ya chakula cha hoteli yoyote nikashangilia namna ile.

Mbayuwayu nao walikuja. Wao hawatui ovyo. Walipita kasi juu ya kichuguu, wakichota kumbikumbi hewani kwa midomo yao, na kila mwaka alitokea mmoja aliyepinda vibaya akagusa kijiti kwa bawa. Hapo ndipo ilipoanza desturi ya nyumba yetu, ambayo sijaikuta kwa mtu mwingine yeyote. Mwenye kijiti kilichomnasa mbayuwayu hakupewa chakula mpaka awe amemsafisha ndege huyo. Haikujalisha ni mtoto au ni bibi mwenyewe. Nimemwona bibi akikaa na njaa yake pembeni, akisugua bawa, huku sisi tukila na yeye akituamuru tumwachie mapaja ya shore.

Kumsafisha kulikuwa na utaratibu wake. Kwanza mafuta ya alizeti ya vuguvugu, yanayopakwa kwa ncha ya kidole, unyoya mmoja mmoja, kutoka shinani kwenda nchani na kamwe si kinyume. Kisha unga wa ulezi, ili uyanywe mafuta pamoja na ulimbo. Kisha kupuliza. Kisha tena mafuta, tena unga, mpaka manyoya ya mgongoni yarudishe ule weusi wake wenye buluu ndani. Mwisho ndege aliwekwa karibu na jiko, juu ya majani makavu, akafunikwa kwa kikapu cha milulu, yale majani marefu ya kinamasini, ambacho hewa hupenya katika msuko wake. Alilala humo. Asubuhi hakuna aliyeruhusiwa kufunua kikapu kabla ukungu haujapanda, na ukungu ulipopanda ndipo mwenye kijiti alipokibeba nje na kukiinua.

Mara yangu ya kwanza, ndege alininasia kwenye sweta la shule. Nilikuwa nimemshika kifuani kwa huruma, na huruma yangu ikatuunganisha. Bibi alituchunguza, akaona kwamba lazima kimoja kati ya bawa na sweta kikatwe, akachukua mkasi na kukata sweta bila kunishauri. Mama aliporudi kutoka mnadani alizungumza kwa muda mrefu. Muhula mzima nilihudhuria masomo nikiwa na dirisha kifuani, na mwalimu wa sayansi, aliponiuliza sababu yake, aliifanya kuwa kipindi. Alituambia kwamba mbayuwayu huzaliana Ulaya, na kwamba theluji inapokaribia huko hufunga safari, huvuka bahari na jangwa, wakaja kumaliza kipindi chao cha baridi kwetu.

Nilikimbia kumpelekea bibi habari hizo. Alisikiliza mpaka mwisho, maana aliwaheshimu walimu.

"Ulaya," alisema. "Kwa nauli ya nani?"

Nilimweleza kwamba wanaruka.

"Ndege wa uzito huu? Mwalimu wenu hajawahi kumshika mmoja mkononi. Hawa wanakwenda Mbeya. Kule mvua inakaa sana."

Hakubadili msimamo huo hadi mwisho. Nilipopata kazi Mbeya alifurahi kuliko mtu yeyote, akaniagiza nimwangalizie wanakolala.

Lakini kitu ambacho ningependa ungekiona ni jioni za bonde. Jua likianza kuzama nyuma ya kilima, mbayuwayu waliokuwa wametawanyika mchana kutwa juu ya mashamba na barabara walianza kurudi, kwanza wachache, kisha makundi, kisha anga lote juu ya matete likawa linasokotwa. Walizunguka kwa pamoja, wakapanda, wakashuka, wakigeuka wote kwa mara moja mithili ya nguo inayokung'utwa. Kisha, bila ishara tuliyoweza kuiona, walimwagika. Matete yaliwameza, na kwa muda mfupi bonde zima lililia kwa sauti zao nyembamba, kama mafuta yanayochacharika kikaangoni, mpaka giza lilipowanyamazisha. Tulikaa ukingoni mwa kinyungu, miguu yetu ikiwa na matope, tukisahau kwamba tulitumwa kuni.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipopanda kilima kwa bodaboda ile Ijumaa, fungu la vitunguu likiwa mapajani.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye anayeishi sasa katika nyumba ya bibi. Amerithi kutoka kwa mama yake mabega, sauti na mamlaka. Tulipeana kamwene zetu za Kihehe mlangoni, akanikagua kama mtu anayenunua mbuzi, akatamka kwamba Mbeya hawanilishi. Nyuma ya nyumba majirani walikuwa wakichambua mchele wa Jumapili na kucheka. Niliuliza mdogo wangu yuko wapi.

"Bondeni," alisema shangazi, na furaha ikamtoka usoni. "Atarudi na kiroba chake. Nimemsema mpaka ulimi umeota sugu. Labda wewe mwenye digrii utamweza."

Kwa hiyo nilikwishajua kabla hajaingia. Mdogo wangu alitokea uani giza likianza kuingia, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akiwa amevaa mabuti na kucheka kwa mbali aliponiona, na begani alikuwa na kiroba kinachotikisika chenyewe.

"Dada wa mjini," alisema. "Karibu sana. Umeshuka na mvua."

"Ndani ya kiroba kuna nini?"

"Salamu kwanza, dada. Hata polisi husalimia."

Alikiweka chini kwa upole, niliona hilo, na akanieleza bila kuzunguka. Nyanya zake za msimu uliopita zililiwa zote na kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda mpaka shamba linakauka limesimama. Alipiga dawa, akapiga nyingine, akakata tamaa. Kisha akakumbuka mkuyu wa mpakani. Alichemsha ulimbo kama alivyofundishwa, akapaka vijiti, akavisimika kati ya matete mahali ndege wanapomwagika jioni. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye vibanda vya kuchoma nyama, alikuwa akichukua kila alichopata. Na kesho, Jumamosi, mtu huyo angekuja mwenyewe na nyavu, zile za macho madogo za kuvulia dagaa, ili wazitandike kutoka ukingo mmoja wa matete hadi mwingine.

"Nikishazitandika hizo," alisema mdogo wangu, "ulimbo wa bibi nautunza kabatini."

Nilielewa maana yake barabara. Kwa ulimbo hupotea ndege kadhaa kwa jioni. Kwa nyavu, bonde lingenyamaza kabla ya Krismasi.

Hapo nilifanya kosa ambalo watu wa aina yangu hulifanya: nilifungua semina. Nilizungumzia sheria, kwamba kunasa ndege wa porini bila kibali ni kosa na kwamba wilayani kuna afisa wa wanyamapori asiye na mzaha. Nilizungumzia njia za uhamaji, idadi zinazopungua, wajibu wa nchi ambazo ndege hao hupitia. Nilizungumza vizuri sana. Majirani waliacha kuchambua mchele ili wasikilize.

Mdogo wangu alinisubiri nimalize. "Dada, wewe unakula mshahara, mimi nakula mvua. Hawa ndege si wangu wala si wako. Wanatoka Ulaya, wanakula hapa bure, wanajisaidia hapa, wanakwenda zao. Umewahi kuona mgeni wa namna hiyo? Mbeya mnameza kuku wa kizungu kila siku wala hakuna anayewahutubia."

"Kuku hajavuka jangwa."

"Kwa sababu hajaachiwa."

Majirani walicheka, na nikiri kwamba hata mimi nilicheka, ingawa sikutaka. Lakini chini ya kicheko nilikuwa na hofu. Katika simu yangu nilikuwa na namba ya mtu niliyesoma naye, ambaye angeweza kumfikia afisa wa wilaya usiku huo huo. Nikipiga, bonde lingepona, na binti wa mdogo wangu angepata kipaimara chake baba yake akiwa kituoni. Nisipopiga, ningerudi Mbeya Jumatatu nikijua nimeliaga bonde kwa mara ya mwisho. Sikuona njia ya tatu.

Aliyeiona alikuwa shangazi, na hakuwa na habari kama ni njia. Alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, ugali ukiwa umeiva nyuma yake, harufu ya msusa na karanga ikimfuata. Alitazama kiroba.

"Wamo wazima?"

"Wamo," alisema mdogo wangu. "Mteja anawataka wabichi."

"Basi unaijua nyumba hii. Sikati ugali."

"Shangazi, mimi ni baba wa watoto."

"Hata mama yangu alikuwa mama wa watoto, na alikaa na njaa pale pale ulipokaa. Majirani, samahanini, wote tutasubiri. Mnaweza kumlaumu yeye."

Sijui kama umewahi kuona mtu mzima akishindwa na ugali usiokatwa. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Harufu ilikuwa kali na majirani walimtazama bila huruma. Mwishowe aliniambia kwa hasira ya bandia, "Leta mafuta basi, msomi. Usiyaunguze."

Tulikaa jikoni watatu, kiroba katikati, mlango ukiwa wazi ili mwanga wa taa ya uani uingie. Mikono yangu ilikuwa imesahau kila kitu. Nilipaka mafuta kinyume, nikabandika unyoya kwenye kidole changu, nikapigwa kofi mkononi na shangazi. Mdogo wangu hakuhitaji kukumbushwa. Alimlaza ndege wake kiganjani, kichwa kikiwa katikati ya vidole viwili, akafungua bawa kama mtu anayefunua ukurasa mwembamba, akaanza shinani. Vidole vyake, vilivyochubuliwa na matenga ya nyanya na kubabuka kwa dawa za shamba, vilikwenda polepole kuliko nilivyowahi kuviona tangu tulipokuwa watoto.

"Bibi alikuambia kwa nini hawaliwi?" nilimwuliza.

"Aliniambia ukimla unaota ndevu mgongoni."

Shangazi alidondosha unga. "Ndevu? Mimi aliniambia nitazaa mtoto asiyekaa nyumbani."

"Na mimi aliniambia mkia ni mkasi," nilisema.

"Mkasi tumboni," alisema shangazi. "Mama yule. Na babu yenu alimwambia nini? Mzee alikufa anaamini kwamba mbayuwayu ana sumu. Alikuwa akinawa mikono mara mbili."

Mdogo wangu alianza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega yakimtikisika, akijitahidi mkono wenye ndege usitikisike, mpaka machozi yakamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Nilikuwa nikijipapasa mgongo," alisema. "Kila nikioga. Kwa miaka." Shangazi alimfuta kwa pindo la khanga kama mtoto, naye akaendelea kupaka mafuta, na kila ndege aliyemaliza alimpuliza manyoya ya shingo kabla ya kumweka majanini. Kwa wale waliochoka zaidi alichagua upande ulio karibu na moto. Kikapu kimoja hakikutosha, tukaongeza cha pili.

Wawili walikuwa wamekwisha kufa ndani ya kiroba. Aliwatoa, akawatazama, akawaweka pembeni.

Shangazi alikata ugali. Tulikula na majirani, tukazungumzia Jumapili, kwaya, na sare za akina mama ambazo fundi alikuwa bado hajazimaliza. Nilingoja mdogo wangu aseme kitu kuhusu nyavu. Aliomba nyongeza ya msusa. Alipoinuka kwenda kwake nilimfuata hadi uani.

"Mteja anakuja saa ngapi?"

"Asubuhi." Alivuta kofia masikioni. "Dada, usinibane. Nimesafisha kwa sababu nilikuwa na njaa. Sijasema naacha."

"Najua hujasema."

"Basi lala salama."

Nilibaki nimesimama pale baridi ikinipanda miguuni. Niliamua mambo mawili. La kwanza, sitapiga ile simu. Ndugu yangu si wa kukabidhiwa kwa watu wasiojua anavyopuliza manyoya ya ndege. La pili, kabla huyo mtu hajafika na nyavu zake nitashuka mwenyewe bondeni, ning'oe vijiti vyote vya ulimbo, kisha niketi kwenye njia ya matete, na atakayetaka kutandika nyavu aanze kwa kuniondoa mimi. Kama mdogo wangu angekasirika, angekasirika. Tungegombana kabla ya kipaimara, na tungepatana baada yake, kama tulivyozoea. Kisha nikaingia kulala, nikisikia kucha ndogo za miguu ya ndege zikikwaruza ndani ya vikapu.

Asubuhi nilimwachia shangazi vikapu, kwa makubaliano kwamba angesubiri ukungu upande, nikashuka na njia ya zamani. Ni njia ile ile, lakini mengi yaliyokuwa pembeni yake hayapo. Matuta ya ulezi ya bibi yamekuwa shamba la miti ya mbao. Vichuguu vilisawazishwa. Vinyungu vya juu vinanyweshwa kwa pampu, na maji yanayofika chini ni kidogo, hivyo matete yaliyokuwa yakifika miguuni mwa kilima cha pili sasa yamejikunja katikati ya bonde, eneo ambalo mtoto anaweza kulizunguka bila kuchoka. Watu wanaoitana katika ukungu hawapo tena. Kila mtu ana simu. Sikuhuzunika sana, nikuambie ukweli. Bibi mwenyewe hakuwa mtu wa kulilia vitu. Lakini nilitembea haraka zaidi nilipoona jinsi kilichobaki kilivyo kidogo.

Ukungu ulikuwa bado umejaa. Nilifika ukingoni kwa kukisia, nikanyoosha mkono kutafuta kijiti cha kwanza, na badala yake nikasikia mtu akikohoa ndani ya matete.

"Watu wa Mbeya mnaamka saa ngapi?" ilisema sauti ya mdogo wangu.

Alikuwa ameingia majini hadi magotini. Kwapani alikuwa na mzigo wa vijiti alivyokwisha kung'oa, vimefungwa kwa kamba ya mgomba, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa ulimbo hadi kwenye viwiko.

"Mteja wako je?"

"Nimempigia. Nimemwambia abaki na nyavu zake. Amenitukana kidogo." Aling'oa kijiti kingine, akakitazama, akakichomeka kwenye mzigo. "Ni haki yake, alikuwa amekwisha weka mafuta kwenye gari. Na usianze hotuba, dada. Sijui nitalima nini."

"Sisemi kitu."

"Upande ule wa kule bado. Nilivisimika vingi, vingine sivikumbuki. Pita polepole, na usishike kichwani mwa kijiti, utanasa."

Juu yetu, mahali fulani ndani ya ule weupe, walikuwa wameanza kuamka. Nilivua viatu, nikapandisha khanga hadi magotini, nikaingia matopeni kutoka upande wa pili, nikaanza kung'oa kumwelekea.